Usiku Bikira Maria Alipolala Kwetu

Mama mkwe wangu aliishia darasa la nne, lakini kwenye mambo ya rehema ni wakili kamili. Anajua kwamba rozari ikisaliwa kanisani, au ikisaliwa na familia pamoja nyumbani, muumini anaweza kujipatia rehema kamili. Masharti yake anayataja kwa mpangilio: uwe umeungama, uwe umekomunika, usali kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo wako usiwe umeng'ang'ania dhambi yoyote, hata ile ndogo unayoipenda. Halafu kuna sharti ambalo wengi wetu lilitupita kwenye mafundisho ya kipaimara: makumi matano yasaliwe mfululizo. Ukiinuka katikati kwenda kutazama maharage, umesali, na Mungu amesikia, ila ile rehema kamili umeiacha jikoni.

"Si maneno yangu," huwa anamalizia. "Ni ya Kanisa."

Sasa mchukue mtu mwenye sharti hilo kichwani, mpandishe basi Songea alfajiri, mshushe Dar es Salaam usiku, mfikishe Kimara kwenye nyumba yenye watoto watatu, simu nyingi kuliko watu, na mita ya umeme inayolia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Tena mfikishe mwezi Oktoba, wiki ileile ambayo zamu ya kumpokea Bikira Maria imeangukia kwetu.

Oktoba ndio mwezi wa rozari, tangu Papa Leo XIII alipoandika waraka wake wa mwaka 1883 akiwataka Wakatoliki wasali rozari mwezi huo wote. Sikukuu yenyewe ya Bikira Maria wa Rozari ni tarehe 7. Na kwa kuwa maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Katoliki wa nchi zetu za Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976, waliamua kwamba Kanisa lijengwe kuanzia jumuiya ndogondogo, mwezi wa rozari nao umehamia majumbani. Sanamu ya Bikira Maria inatembea nyumba kwa nyumba. Utaratibu wa jumuiya yetu ni kwamba wanajumuiya wanaileta jioni kwa maandamano na nyimbo, familia inasali nayo usiku peke yake, kisha kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajakimbilia makazini, jumuiya nzima inarudi, inasali hapo, na kuihamishia nyumba inayofuata.

Sanamu yetu si ya kifahari. Ni ya plasta, urefu wake ni kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na ukingo wa joho lake la buluu umechubuka. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimepakwa upya kwa rangi ya kucha, na hakuna nyumba iliyowahi kukiri kazi hiyo. Katibu wa jumuiya, mzee aliyestaafia kazi ya stoo, ana daftari la makabidhiano. Kila inapofika, baba mwenye nyumba anatia saini: sanamu moja, vinara viwili, kitambaa cheupe kimoja, kitabu cha litania kimoja. Chini kuna safu ya "hali ya kifaa". Kile kidole nacho kimeandikwa.

Wiki ile nilifanya anavyofanya kila mwanamke wa Dar es Salaam akisikia jumuiya inakuja kwake. Mapazia yalishuka yakafuliwa. Vitambaa vipya vya makochi vikatoka kabatini. Baba watoto alipaka rangi ukuta wa sebule, ule upande unaoonekana tu. Kila kisichopendeza, kuanzia nguo zisizopigwa pasi, baiskeli mbovu hadi ndoo na mabegi ya shule, kilisukumwa chumba cha watoto na mlango ukafungwa. Mama aliketi kwenye stuli yake akichambua mchele, akitutazama tunavyopishana.

"Mwanangu," akaniuliza, "kuna wanaokuja kuposa?"

"Hapana Mama, ni Bikira Maria."

"Ahaa." Akapepeta kidogo. "Nilidhani yeye anatufahamu."

Yeye amekulia jirani na Peramiho, misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, mahali ambapo kengele ya Malaika wa Bwana hulia asubuhi, mchana na jioni. Huko, anasema, mtu akisikia kengele akiwa shambani alisimamisha jembe, akasali, akaendelea na tuta lake. Rozari ilisaliwa huku watu wanapukuchua mahindi, maana vidole vilikuwa vimeshazoea kuhesabu. Hakuna aliyepaka ukuta rangi. Mimi nadhani hapo ndipo tulipopotea sisi wa mjini, wala si kwenye simu kama wanavyotuhubiria: tumeigeuza sala kuwa shughuli, kitu cha kukodishia viti. Kimara hakuna kengele ya abasia, kwa hiyo mjukuu wake wa darasa la sita alimtegea alamu kwenye simu yake ya vitufe, akamchagulia mlio wa jogoo. Saa sita mchana kila siku jogoo anawika mfukoni mwa Bibi, naye anasimama palepale alipo, hata kama ni katikati ya foleni ya dukani.

Alhamisi jioni sanamu ikafika. Nyimbo, vigelegele, mishumaa, saini ya Baba watoto kwenye daftari. Watu wakala karanga, wakasifia ukuta, wakaondoka. Ilipofika saa mbili usiku tukajipanga sebuleni familia nzima pamoja na dada wa kazi, Mama akiwa mbele.

Mzozo ulianza kabla hata ya ishara ya msalaba.

"Leo Alhamisi, ni Matendo ya Mwanga," alisema binti yangu wa kidato cha tatu, simu mkononi.

"Alhamisi ni Furaha," alisema Bibi yake.

Wote wawili wana haki. Mama alijifunza rozari ya matendo kumi na tano, Furaha, Uchungu na Utukufu, zenye Salamu Maria 150 kwa hesabu ya Zaburi 150. Kwenye mpangilio ule wa zamani Furaha ilisaliwa Jumatatu na Alhamisi. Tarehe 16 Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo II akaandika barua akapendekeza matendo mengine matano, ya Mwanga, kuanzia ubatizo wa Yesu mtoni Yordani hadi kuwekwa kwa Ekaristi, nayo yakapewa Alhamisi. Furaha ya Alhamisi ikahamishiwa Jumamosi. Binti yangu alizaliwa akakuta mambo yamekwisha kupangwa hivyo, na kwake Alhamisi bila Arusi ya Kana si Alhamisi.

"Hebu nisomee alivyoandika," Mama akasema.

Binti akatafuta, akasoma kimoyomoyo, uso ukambadilika. Barua yenyewe inasema ni pendekezo, na kwamba watu na jumuiya wako huru.

"Kwa hiyo hakunilazimisha."

"Hakukulazimisha, Bibi."

"Papa yule alikuwa mtu wa heshima sana. Haya, kwa jina la Baba."

Tukaanza Furaha. Tendo la kwanza likaenda vizuri. Baba watoto alikuwa anajibu kwa ile kasi yake ya siku za kazi, anaanza kiitikio kabla anayeongoza hajafika nusu, Salamu Maria zinapandiana migongoni. Papa Paulo VI aliandika mwaka 1974 kwamba rozari kwa asili yake yataka mwendo wa utulivu usio na haraka, lakini hakuwahi kukaa na mhasibu mwenye usingizi. Mama alikuwa anamsubiri mwanawe kila mwisho wa Salamu Maria, kimya, mpaka yule akaona haya akapunguza mwendo.

Rozari ya Mama ni ya mbegu, imeungwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Rozari kamili ina chembe 59. Ya kwake ina chembe 58 na kifungo cha shati. Kifungo kiko kwenye kumi la tatu, cheupe, chenye matundu manne, kimetoka kwenye shati la marehemu baba mkwe. Baba watoto aliwahi kumnunulia nyingine mpya ya kung'aa, akaikunja akaiweka kwenye sanduku. Sheria ya Kanisa, akamweleza, ni kwamba kitu kilichobarikiwa kinapoteza rehema zake kikiharibika kabisa au kikiuzwa. "Hii haijaharibika kabisa," alisema, "na siiuzi." Kidole chake kikifika kwenye kile kifungo hukaa kidogo kuliko kwenye chembe nyingine.

Usiku ule hatukufika huko mapema. Katikati ya tendo la pili mita ililia mlio wake wa mwisho na nyumba ikawa giza. Mishumaa miwili ya sanamu ilikuwa inawaka, mwanga ulitosha kabisa, na Mama aliendelea na Salamu Maria yake bila hata kupepesa. Ila Baba watoto akapayuka, "Luku!", mvulana akaruka kutafuta simu, dada akakimbilia kufungua friji aone kama nyama iko salama, jambo ambalo sijalielewa mpaka leo. Umeme ukanunuliwa kwa simu, mtandao ukazungukazunguka, tarakimu ishirini zikasomwa kwa sauti, zikakosewa, zikasomwa tena. Taa zilipowaka, Mama alikuwa ameshaweka kidole kwenye msalaba wa rozari yake.

"Tunaendelea tulipoishia?" akauliza mwanawe.

"Tunaanza."

Binti yangu, ambaye kwa haki ana akili ya kutatua mambo, akaona tatizo letu ni kiongozi. Kama rozari ingeongozwa na kitu kisichokatika, na sisi tusingekatika. Akatoa spika yake ndogo, akaiunganisha na simu, akatafuta video ya rozari ya Kiswahili yenye masista wenye sauti nzuri. Baba yake akakumbuka kwamba Oktoba 2019 huko Vatikani walizindua rozari ya kidijitali, bangili inayowashwa kwa kufanya ishara ya msalaba, ikiuzwa dola 110.

"Na chaji ikiisha?" Mama akauliza.

"Unachaji, Mama."

"Yangu bado haijaisha."

Lakini kwa masista alikubali, maana waliimba vizuri. Tukaanza upya na masista. Tendo la kwanza, safi. La pili, safi. Nikaanza kuamini. Tulikuwa kwenye kumi la tatu, Mama yuko karibu na kifungo chake, ndipo masista wakakatika ghafla na sauti ya mwanamume mchangamfu kupita kiasi ikaijaza sebule, ikitutaka tusuke mkeka wetu sasa hivi, odi ni kubwa, ushindi ni papo hapo. Alipovuta pumzi, dada, aliyekuwa anasinzia, akamwitikia kiitikio cha Salamu Maria, chote, kwa unyenyekevu mkubwa, hadi amina.

Mvulana alicheka mpaka akatolewa nje. Baba watoto naye aligeuzia uso ukutani, mabega yanatikisika.

Mama aliuliza tu, "Huyu ni nani?"

"Wa kubeti, Bibi. Ni tangazo."

"Amekaribishwa na nani?"

Hakupata jibu. Spika ikazimwa, simu zote zikakusanywa kwenye hotipoti tupu, kifuniko kikabanwa. Yangu peke yake ilibaki mezani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na saa. Tukaanza. Matendo mawili yakapita. Simu yangu ikaita. Nilitazama jina: katibu wa jumuiya. Mtu wa aina ile hapigi usiku bila sababu, Baba watoto akaashiria kwa macho kwamba nipokee, huenda kuna msiba.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema katibu.

"Milele amina."

"Nilikuwa nawakumbusha tu, mama. Msisahau kusali rozari ya familia. Tena msali bila kukatiza."

Nikamshukuru. Ningesema nini?

Ilikuwa inakaribia saa nne tulipomaliza, na tulimaliza kweli, makumi yote matano, Salamu Malkia na litania nzima. Kitinda mimba wetu wa chekechea alikuwa amelala tangu tendo la pili, kichwa kwenye paja la Bibi.

"Huyu malaika wake amemmalizia," Mama akasema akimpapasa nywele.

Baba watoto, ambaye kwenye litania alikuwa ameitikia "utuombee" kwa kukoroma, akauliza, "Na mimi wangu?"

"Wako amechoka."

Binti yangu akaingilia kumtetea baba yake. Alikuwa amesoma kwamba Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, ambaye tangu mwaka 1997 ni Mwalimu wa Kanisa, aliandika waziwazi kwamba kusali rozari akiwa peke yake kulimtaabisha kuliko kuvaa vifaa vya kitubio, na akili yake haikutulia hata akijilazimisha. Mama alilipokea hilo kwa makini. Alikaa nalo kidogo. Kisha akasema kama ni hivyo basi yule Tereza alistahili utakatifu zaidi, maana aliendelea kusali.

Tulipofungua mlango kumwaga maji, tukamkuta jirani yetu Mwislamu ameketi kwenye ngazi na bakuli letu mkononi, amekuja kulirudisha. Alikuwa hapo muda mrefu. "Nimesikia mko kwenye dhikri yenu," alisema, "nikaona si vizuri kuwakatiza." Baada ya mambo yote ya usiku ule, nilitamani kumkumbatia.

Kitinda mimba aliamka kidogo wakati namvusha kwenda chumbani. Akaangalia mezani.

"Bibi, yeye analala wapi?"

"Hapohapo alipo. Ni mgeni wetu."

"Na mbu?"

"Mbu hawamwezi. Kalale."

Hakuna aliyelitilia maanani.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niliamshwa na Baba watoto akiwa amesimama mlangoni na tochi ya simu. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Mama watoto. Bikira Maria hayupo."

Nilidhani anaota. Nikaenda sebuleni. Vinara viwili vilikuwepo, kitambaa cheupe kilikuwepo, kitabu cha litania kilikuwepo. Katikati ya kitambaa palikuwa na duara safi lisilo na vumbi la mishumaa, na juu yake hakuna kitu. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa komeo. Mlango wa nyuma vilevile. Nondo za madirisha ziko sawa. Televisheni ipo. Mwizi gani anaingia nyumba iliyofungwa, anaacha televisheni, anachukua sanamu ya plasta yenye kidole cha rangi ya kucha?

"Nimetia saini," Baba watoto alikuwa anarudia. "Nimetia saini mimi."

Akatoka nje kumulika chini ya mpapai. Dada akaapa kwa watakatifu wote kwamba hakuigusa. Binti yangu akashika simu akasema tuwaulize kwenye kundi la jumuiya, labda kuna mtu aliichukua kwa makosa, na baba yake, ambaye sijawahi kumwona akikimbia, alikimbia kutoka kwenye mpapai kumnyang'anya. "Usithubutu! Watu tisini wapo mle!" Mama aliamka na hali hiyo, akapewa habari, akaketi kwenye stuli yake, akaanza kumwomba Mtakatifu Antoni wa Padua, msimamizi wa vilivyopotea. Nilimsikia akimweleza tatizo kwa kirefu, kama anayemwelekeza fundi. Hata yeye, nadhani, alikuwa anaona ugumu wa kumwambia mtakatifu ni nani aliyepotea.

Saa kumi na mbili kasoro dakika chache tukasikia wimbo kutoka mwisho wa barabara. Jumuiya inakuja, na imeamka na sauti nzima.

Baba watoto alifanya kitu kimoja cha kishujaa: akaenda kusimama getini. Nilimsikia akiwaamkia mmoja mmoja, akiwauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za ujenzi wa kanisa, akimpongeza mzee mmoja kwa ndoa ya binti aliyeolewa mwaka uliopita. Katibu alikuwa ameshakunjua daftari. Mwenyekiti wetu, mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, asiyependa kupoteza muda, akasema, "Baba, tuombee ndani, tunachelewa daladala."

Nikaingia chumba cha watoto kuwaamsha, angalau wawepo wakati wa aibu.

Kwenye kitanda cha chini, ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri pande zote, kitinda mimba alikuwa amelala ubavu, na mbele yake, kwenye mto wake mwenyewe, Bikira Maria amefunikwa kanga yangu mpaka shingoni. Kando yao palikuwa na kikombe cha plastiki chenye maji, robo kimemwagikia shuka. Mtoto alikuwa ameamka usiku, akafungua mlango wa sebule, akambeba mgeni wake gizani, akampa nafasi na kinywaji.

Nilijaribu kumtoa taratibu. Mtoto akafumbua macho, akakaza mkono, akaanza kulia kwa sauti iliyofika getini na kuvuka. "Nilimsikia mbu! Bibi alisema hawamwezi lakini nilimsikia!"

Mwenyekiti ndiye aliyefika wa kwanza. Nyuma yake katibu na daftari, nyuma yake Baba watoto, uso kama ameshafikishwa mahakamani, nyuma yao jumuiya nzima imejaa kwenye korido. Na mimi nimesimama katikati ya chumba kile, chumba pekee ambacho sikukiandaa: rundo la nguo, baiskeli mbovu, ndoo, soksi za mvulana zilizokauka zikasimama zenyewe. Harufu ya mikojo ya alfajiri kidogo. Kule sebuleni vitambaa vipya vya makochi vimenyooshwa, havina mtu.

Mwenyekiti aliangalia kitanda. Akaangalia mtoto anayelia. Akavua viatu.

"Tusalie hapahapa," alisema. "Mgeni bado amepumzika."

Wakaingia waliotosha. Wengine walipiga magoti korido hadi jikoni, mzee mmoja aliketi juu ya ndoo. Ilikuwa Ijumaa, Matendo ya Uchungu, siku ambayo kalenda ya Mama na ya binti yangu zinakubaliana. Mama alipewa kuongoza. Sanamu ilibaki ndani ya chandarua, mtoto akiwa ameketi kando yake na kamasi zake, akiitikia kwa nguvu kuliko wote. Hakuna simu iliyolia. Mita ilinyamaza. Nilikuwa nyuma ya Mama, nikamwona kidole chake kikifika kwenye kifungo cheupe, kikakaa, kikapita. Makumi matano, mfululizo, kuanzia ishara ya msalaba hadi mwisho, hakuna aliyeinuka. Watu wawili walichelewa daladala yao na hawakusema neno.

Ukaja wakati wa kuhamisha. Katibu, mtu wa stoo hadi mwisho, akahesabu kwa sauti: sanamu moja, vinara viwili, kitambaa cheupe kimoja, kitabu kimoja. Akaikagua sanamu, kidole gumba, ukingo wa joho. Hakuna jeraha jipya. Akanyoosha mkono aitoe ile kanga.

Kitinda mimba akakataa. Kanga inakwenda na mwenyewe, kwa sababu huko anakokwenda nako kuna mbu. Akabembelezwa, akaahidiwa biskuti, akakataa. Baba yake akasema basi iende, ni kanga tu. Katibu akaikunjua, akasoma maneno yake, akakohoa. Ni kanga niliyoinunua zamani kwa hasira, ina kijembe cha kumpiga jirani mbea, na jirani mwenyewe alikuwa amepiga magoti koridoni. Katibu aliikunja upya kwa ustadi, maneno yakiwa ndani, akamvika Bikira Maria mabegani, akapiga mstari mpya chini ya daftari na kuandika: kanga moja.

Imo mpaka leo kwenye makabidhiano, na kila baba mwenye nyumba anaitilia saini. Mama alirudi Songea na rozari yake, akaacha ile mpya ya kung'aa kwa mjukuu. Zamu yenu ikifika na mkapokea sanamu yenye kanga ya rangi ya machungwa, naomba jambo moja tu: msiifue kwa maji ya moto. Inachuja.